Pemba ya Kiwanja cha Shule

Siku niliyodanganywa na mama mmoja wa sokoni, nilikuwa nimevaa viatu vipya. Ninaanza na viatu kwa sababu ndivyo ninavyovikumbuka kwanza: vyeusi, vya kamba, nilivinunua na mshahara wangu wa kwanza wa kiwandani, na vilinibana vidole hata nikawa natembea kama bata. Nilitembea hivyo kutoka kambi ya wafanyakazi mpaka soko kubwa la Lubumbashi, kwa sababu mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza na alitaka pemba.

Pemba, kwa asiyeijua, ni bulongo. Bulongo ndiyo kusema udongo, kwetu Katanga tunasema hivyo. Ni udongo mweupe, laini kama unga uliokandwa. Wanauchimba kando ya mito, wanaukausha juani, wanauuza vipande vipande, na wanawake wenye mimba wanautafuna. Usiniulize kwa nini. Mganga wa dispensari alikuwa anawakataza, na mke wa mganga alikuwa anakula kuwashinda wote. Kutumwa pemba haikuwa kazi ya mwanaume, lakini mama mkwe alikuwa amesafiri, na mke wangu alikuwa amekaa mlangoni ananitazama kwa macho ambayo mwanaume akitazamwa hivyo anavaa viatu.

Nilinunua kwenye meza ya kwanza niliyoikuta. Nikarudi nyumbani mshindi. Mke wangu akavunja kipande, akakigusisha ncha ya ulimi, akatema mpaka ukutani.

"Umeniuzia nini hii?"

"Mimi sikuuza, nimenunua. Pemba."

"Hii ni chokaa! Unataka kunipaka rangi ndani ya tumbo, kama nyumba ya padri?"

Akacheka mpaka nikaogopa mtoto atatoka. Kesho yake akanirudisha sokoni, yeye mbele na tumbo lake, mimi nyuma na viatu vyangu. Akasimama mbele ya yule mama, akaweka kile kipande juu ya meza. Hakutukana. Alisema neno moja tu: "Onja."

Yule mama akaangalia huku, akaangalia kule. Akasema ana jino bovu. Akasema leo amefunga. Wauzaji wa mstari mzima wakaanza kupiga makofi: "Onja, maman! Onja!" Hakuonja. Alichukua pemba ya kweli kutoka meza ya jirani yake, akatufungia, macho chini.

Ndivyo nilivyoijua sheria ya soko lile. Anayeuza pemba anavunja ncha ya kipande, anaila mbele yako, kisha wewe ndiyo unachagua. Mke wangu akanifundisha na mimi, nyumbani, kwa kunilambisha vyote viwili. Pemba nzuri inanata: unaiweka ulimini na inakushika, kama mtoto mchanga anavyokushika kidole. Chokaa inauma. Nikalamba, nikaelewa, na ulimi wangu haujasahau, ingawa vitu vingi nimevisahau, pamoja na hesabu zote walizonifundisha masista mpaka darasa la nne, ambako niliishia.

Mke wangu huyo amekufa, na sitaandika habari zake hapa, maana nikianza hamtaiona hiyo shule ninayotaka kuisema. Mimba ile ilizaa mwanangu wa kwanza, yuko Kolwezi, ana mvi kunishinda. Ninayetaka kumwandika ni binti yangu wa mwisho, ambaye tuko naye hapa Brussels.

Hapa nilifikaje, ni habari nyingine. Nilifika, basi. Miaka kumi na moja sikuwa na karatasi za kukaa nchini. Nilisafisha maofisi, asubuhi kabla wenyewe hawajafika, na wengi wao walidhani meza zao zinajisafisha. Nitarudi kwenye usafi huo, kwa sababu kuna kitu nitakuja kuungama.

Bon. Pemba iko hata huku. Ukishuka Porte de Namur ukaingia Matonge, mtaa wa Wakongo, utaikuta ndani ya kimfuko cha plastiki, kati ya samaki wa kukausha na nywele za bandia. Wenzetu wa Kinshasa wanaiita mabele. Kila mara nikimsindikiza binti yangu kununua, namwambia muuzaji aonje kwanza. Wananitukana kwa Lingala, wananitukana kwa Kifaransa. Mmoja alinijibu kwa Kiswahili, kumbe ni wa Likasi: "Papa, miye niko na sukari, presha, na bwana mulevi. Sasa nikule na bulongo? Unanitafutia kifo?" Tulicheka, lakini hakuonja. Huku watu wanauza tu.

Sisi hatukai Matonge. Tunakaa upande wa mfereji, ambako zamani kulikuwa na viwanda na sasa kuna watu. Mkabala na kituo chetu cha basi kulikuwa na kiwanja kikubwa kilichofungwa, ukuta, lami iliyopasuka, banda moja refu nyuma. Siku moja wakaondoa ukuta wa mbele wakaweka uzio, na juu ya uzio picha ndefu ya plastiki: watoto wa kila rangi wanaruka, wote meno nje. Na maandishi kwamba hapo ndipo itakapojengwa shule mpya ya mtaa.

Lazima niseme tulifurahi. Mimi mwenyewe niliivulia kofia ile picha. Maana kupata nafasi ya shule katika mji huu ni vita. Binti yangu anafanya kazi ya kusaidia wagonjwa hospitalini kule Woluwe. Mtoto wake wa kike alikuwa anakaribia miaka miwili na nusu, umri ambao huku wanaanza chekechea, na alikuwa kwenye orodha ya kungoja ya shule tatu. Orodha! Kama mtoto ni friji iliyoagizwa. Shule pekee iliyojibu kwamba inaweza kumpokea iko mbali, tramu mbili, na kati ya tramu ya kwanza na ya pili kuna kupanda ngazi na gari la mtoto. Shule mpya ingekuwa kuvuka barabara tu. Na binti yangu alikuwa na mimba ya pili, miezi mitano.

Tulikuwa tunarudi kutoka kanisani. Mashine ilikuwa imekuja wiki ile, imebomoa lile banda la nyuma na kung'oa lami, na mvua imepiga siku mbili mfululizo. Mahali fulani uzio ulikuwa na tundu, na matope yametoka mpaka njia ya miguu. Binti yangu akasimama. Akainama, kwa shida, na tumbo lile. Aliposimama tena alikuwa na kipande mkononi, cheupe, cha kijivu kidogo, laini, kimekatika vizuri kama sabuni.

"Papa, angalia. Pemba ya bazungu."

Akakinusa. Akavunja ncha kwa kucha. Kabla sijafungua kinywa, ilikuwa ndani ya kinywa chake.

Nilimpiga mkono. Sijawahi kumpiga huyu mtoto, hata alipokuwa mdogo, na nilimpiga mbele ya kanisa zima lililokuwa linangoja basi. "Tema! Tema yote!" Nikachukua chupa ya maji ya mjukuu, nikamsukutuisha kama mbuzi. Watu wakaangalia pembeni.

"Papa, unaanza wazimu?"

"Umeonja. Inanata ao inauma?"

Akapitisha ulimi kwenye meno. "Inauma," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nikalamba na mimi. Ndiyo, nililamba, najua nini mtasema. Iliuma kama ile chokaa ya soko, na nyuma ya kuuma kukaja ladha ya pili, kama umenyonya funguo. Hiyo ladha naijua. Ujana wangu wote uliishia kwenye vyumba vya asidi kule kiwandani Katanga, na jioni, hata ukila nyama, ulikuwa unakula ile ladha. Niliweka kipande ndani ya leso, leso ndani ya mfuko.

Ng'ambo ya barabara, dirisha lake linaangalia kile kiwanja, anakaa mzee mmoja mzungu. Alikuwa mkuu wa stoo huko kwetu zamani, wakati wa wakoloni, kijana mdogo, kisha akarudi kwao, na tangu hapo hajahama nyumba ile. Anajua Kiswahili, lakini Kiswahili chake ni cha amri tupu. Hajui "naomba," hajui "labda," hajui "pole." Anajua: Kuja! Lete! Kaa! Nyamaza! Kula! Mwanzo kilinikera sana. Siku mke wake alipokufa nilikwenda kubisha hodi, akanifungulia, machozi mpaka kidevuni, akaniambia, "Kaa!" Nikakaa. Tangu siku hiyo ninamsikia tofauti, ingawa sijamsamehe yote, na yeye hajaniomba.

Nikaenda kwake na leso yangu. "Kaa! Kunywa!" akasema, akaleta kahawa. Nikamfungulia kile kipande mezani. Akakivuta karibu kwa kijiko, hakukigusa kwa mkono. Mengine akaniambia kwa Kifaransa. Kwamba pale palikuwa karakana ya kupaka vyuma nikeli na kromu, mabomba ya bafuni, bampa za magari. Kwamba nyuma ya banda kulikuwa na shimo, na matope ya mapipa yao yalikuwa yanamwagwa mle, miaka na miaka, na maji yake yalikuwa ya kijani kama chupa. Na kila wakimwaga asidi, walitupa chokaa juu yake ili kuvunja ukali wake.

Nikasema, "Chokaa?"

"Chokaa," akasema. Hilo neno la Kiswahili pia alikuwa nalo, la stoo.

Basi chokaa ilikuwa imenifuata kutoka Lubumbashi, na safari hii ilikuwa na rafiki.

Jumamosi moja asubuhi wakatuita kwenye ukumbi wa parokia kutuonyesha michoro. Kulikuwa na msieu wa mradi, mtu wa makamo, skafu nzuri, sauti ya kubembeleza. Nisimseme vibaya, hakuwa mtu mbaya. Alionyesha madarasa, alionyesha dirisha kubwa, alionyesha bustani ambamo watoto watapanda nyanya. Nyanya! Mama mmoja akauliza kuhusu udongo, kwa sababu wazee wa mtaa wanakumbuka karakana. Msieu akatabasamu. Akasema udongo umechunguzwa, una cheti chake, hiki hapa.

Katika nchi hii hata udongo una karatasi. Sifanyi mzaha. Ukitaka kujenga, kiwanja lazima kiwe na cheti kinachosema kina nini tumboni. Niliposikia hivyo niliona wivu: miaka kumi na moja natembea mji huu bila karatasi, kumbe udongo ninaoukanyaga unayo! Lakini ndiyo maana karatasi hainitishi. Miaka ile karatasi zote za mji zilisema sipo. Na mimi nilikuwepo. Nilipanda tramu, nilikula viazi vya kukaanga, nilisugua choo cha mkurugenzi. Alors, karatasi zilizosema mimi sipo, leo zije kuniambia sumu haipo, na mimi nimeilamba?

Nikanyanyua mkono. Nikauliza mashimo ya kuchunguza yalichimbwa wapi. Akanionyesha kwenye mchoro: manne, yote mbele, upande wa barabara. Nyuma, chini ya banda, mashine haikuweza kuingia wakati ule. "Lakini usiwe na wasiwasi, bwana," akasema, na hapo ndipo alipokosea, masikini, alitaka kuchekesha tu, "ni udongo safi, mtu angeweza hata kuula."

Binti yangu alinishika koti. Alijua. Nilitoka mstarini, nikapita magoti ya watu, nikafika mezani, nikafungua leso juu ya michoro yake.

"Nini hiyo?" akauliza.

"Ni kiwanja chako. Kwetu, msieu, anayeuza bulongo ya kula anaonja yeye kwanza. Karibu."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akangoja nicheke, sikucheka. Akaweka mikono nyuma ya mgongo. Ukumbi ukaanza kupoa. Na kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti ya mkuu wa stoo ikapiga kama filimbi ya kambi:

"Kula!"

Mimi na binti yangu peke yetu tulielewa. Yule mzee alikuwa amesimama, ameshika fimbo yake, mwekundu kama mtu aliyetoa hewa mbaya kanisani. Nadhani lilimtoka tu. Neno lile nililisikia ujana wangu wote, na siku zote lilikuja upande wetu. Ilikuwa mara ya kwanza naliona linakwenda upande wa pili.

Msieu hakula. Mkutano ukafungwa mapema.

Binti yangu alingoja mpaka ngazi za nyumba. Kisha ikatoka yote.

"Umeniletea haya mbele ya bantu bote! Unajua nafasi ya mutoto iko mule? Mule, papa! Kama shule haiko, ni miye nitapandaka tramu mbili na batoto babili, haiko weye!"

"Na bulongo ile?"

"Bulongo, bulongo! Kila fasi kuko bulongo! Weye ulikulia mu moshi ya kiwanda, haukufa!"

"Wenzangu balikufa," nikasema. Akaingia ndani, akafunga mlango polepole, na afadhali angeupiga.

Wiki zile hatukuzungumza sana. Alikuwa na haki, ndiyo shida. Na jirani zangu walikuwa na haki. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya chini aliniambia, "Papa, wewe umeshasoma maisha yako, acha watoto wetu wasome." Nilijibu kwamba shule naitaka kuliko yeye, mimi niliyeishia darasa la nne. Naitaka mahali pengine. Akaniambia pengine ni wapi. Nitasema baadaye niliwaonyesha wapi.

Kwanza walichimba tena. Baada ya mkutano ule walichimba mashimo mapya, nyuma, na majibu yakaja kwamba kuna kitu. Hawakusema sumu. Walisema kuna kitu, na kwamba kinaweza kushughulikiwa. Wakaunda kamati ya kufuatilia, na msieu mwenyewe akaja nyumbani kuniomba niingie, niwe mwakilishi wa wakazi. Kamati ilikuwa inakaa ndani ya kontena, pale pale kiwanjani, kila wiki. Walinipa baji yenye picha yangu. Kahawa, biskuti zenye chokoleti upande mmoja. Lazima niseme kweli: nilipenda. Nilipenda biskuti, nilipenda baji, nilipenda msieu akisema "kama alivyosema papa." Nilianza kupiga pasi shati siku ya kamati. Mtu aliyesafisha meza za watu miaka ishirini, ukimkalisha kwenye meza, inamchukua muda kutazama kilicho juu yake.

Kulikuwa na neno walilolirudia kila kikao: assainir. Mimi na Kifaransa changu cha ndoo na fagio nilielewa ni kusafisha, na nilikuwa naitikia kwa kichwa. Vikao vitatu naitikia! Mpaka siku walipoleta mchoro wa udongo umekatwa kama keki. Chini kabisa, rangi nyeusi: ile bulongo yetu. Juu yake karatasi ya plastiki nene. Juu ya plastiki nusu mita ya udongo mwema kutoka mahali pengine. Juu, majani. Juu ya majani, mtoto anaruka, meno nje.

"Na hii nyeusi?" nikauliza. "Inaondoka lini?"

"Haiondoki, papa. Inabaki chini. Tunaitenga."

"Mlisema mnasafisha."

"Ndiyo. Hii ndiyo kusafisha."

Hapa ndipo ninapoungama. Miaka ile ya maofisi, kulikuwa na chumba kimoja cha mikutano chenye zulia kubwa, zito, na mimi peke yangu kwa ghorofa tatu. Siku nyingi nililiinua zulia kwa mguu, nikasukuma fagio, nikalishusha. Mkuu aliingia akasema, "Ah, panang'aa." Najua kazi hiyo. Niliifanya kwa ustadi. Mtu mwingine akiifanya mbele yangu, hawezi kunifundisha jina lake kwa Kifaransa.

Nikawaambia: watoto wanachimba. Mtoto wa miaka mitatu ukimpa majani na kijiko, haombi ruhusa. Msieu akasema kutakuwa na kanuni ya kutochimba. Kanuni! Kwa mtoto ambaye bado anavaa nepi! Nikauliza kuhusu zile nyanya. Zimefutwa, wakasema, sasa ni masanduku ya maua. Nikamwonyesha mlango wa kontena. Pale mlangoni kulikuwa na beseni na brashi, na tangazo: kila mtu akitoka asugue viatu, ule udongo usibebwe mpaka barabarani.

"Viatu vyako, msieu, vina beseni. Magoti ya mtoto yatasuguliwa na nani?"

Akaandika kitu. Nikaona nafasi, nikawaonyesha pale mahali pengine. Ofisi zao wenyewe, za komini, ndiyo serikali ya mtaa, ziko juu, karibu na bustani, nyasi safi, bata wanaogelea. Nikasema: leteni meza zenu hapa juu ya plastiki, shule iende pale kwenye bata. Watu wazima hawatambai, hawatii vidole kinywani, na wakikatazwa kuchimba wanasikia. Wote wakacheka. "Papa wetu!" wakasema. Nikaomba iandikwe katika ripoti. Wiki iliyofuata nilimpa binti yangu ripoti anisomee. Haikuwemo. Ilikuwemo kwamba mwakilishi wa wakazi ameuliza kuhusu brashi.

Siku chache kabla ya kikao cha mwisho msieu alinipigia simu. Alisema kutakuwa na karatasi ya kusaini, kwamba wakazi wamefuatilia kazi na wameridhika. Alisema pia, kwa upole, kwamba mjukuu wangu anaweza kuwa na uhakika wa nafasi yake.

Nikamwambia binti yangu. Alikuwa anaosha sombe, majani ya muhogo, mgongo kwangu, tumbo limefika kwenye sinki.

"Uhakika," akasema.

"Ndivyo alisema."

Maji yakaendelea kutiririka. "Papa, ile bintu beko banafunika, njo ile nilitiaka mu kinywa?"

"Njo ile."

Akafunga bomba. Akafuta mikono kidole kimoja kimoja. Tangu siku ile ya uzio alikuwa hajanunua pemba tena, hata ya Matonge; mkunga alimkataza, lakini mkunga wa mimba ya kwanza pia alimkataza na alikula.

"Fanya ile unaona," akasema. "Lakini tramu mbili, ni weye utamupelekaka. Asubui yote. Na ngazi."

"Ni miye."

"Na mvua?"

"Na mvua."

"Halafu usinilalamikie magoti."

Nikaenda kwenye kikao na shati lililopigwa pasi. Kahawa ilikuwa imemiminwa. Msieu alizungumza dakika kumi, kisha akageuza karatasi upande wangu na kuweka kalamu juu yake. Nilisoma polepole, kwa kidole, kama masista walivyonifundisha, na hawakuniharakisha. Neno bulongo, udongo, ardhi, halikuwemo hata mara moja. Ilikuwa imeandikwa "site." Ndiyo kusema mahali, kwa Kifaransa. Nikarudisha karatasi.

"Papa," akasema msieu, "tumefanya kazi vizuri pamoja."

"Biskuti zilikuwa nzuri."

"Usiposaini sina njia. Itabidi niandike kwamba mwakilishi wa wakazi hakuwepo. Na bila mkazi faili linarudi nyuma, lisomwe upya lote. Shule itachelewa. Ni watoto wenu."

"Ni watoto wetu," nikasema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba sikuwepo. Nimezoea."

Nikavua baji, nikaiweka kando ya kikombe. Nikachukua biskuti mbili, za kula kwenye tramu ya pili, ambapo mtoto anaanza kulia. Mlangoni nikakaa kwenye kibao kidogo cha kukalia, nikachovya brashi, nikasugua viatu vyangu, kushoto, kulia, kisigino, soli, hata kamba. Sikufanya haraka. Wao walikuwa wananingoja mimi nitoke ndipo waanze kusema, na mimi sikutaka kubeba hata punje ya pale. Maji yalipotoka safi nikarudisha brashi mahali pake, nikapita kwenye mbao walizotandika juu ya matope mpaka uzioni, nikavuka barabara. Sijarudi.